"Haipo" na "Sikuiona": miaka yangu kwenye foleni ya ramani za Quake

Katika Quake, mchezo wa kompyuta wa kupambana na mazimwi kwa bunduki, ramani ni jengo unalochezea ndani yake. Ramani ile ilikuwa ndogo, vyumba sita tu. Unaanzia kwenye ukumbi wa mawe, mlango unajifunga nyuma yako, unashuka hadi kwenye bwawa la maji ya kahawia, na ng'ambo ya bwawa ufunguo wa fedha unang'aa nyuma ya nondo. Nondo hizo haziinuki mpaka zombi watatu wanaozunguka bwawa wafe wote. Aliyewahi kucheza Quake anajua kwamba zombi hafi kwa marisau. Unampiga, anaanguka, unageuka, na sekunde chache baadaye unamsikia akiguna mgongoni kwako. Dawa yake ni mlipuko: guruneti au roketi imchanechane kwa mkupuo mmoja. Mimi nilikuwa na bunduki ya marisau na shoka. Nikazunguka bwawa lile kwa dakika kumi, nikafa mara nne, nikaufunga mchezo. Nikafungua foleni ya ramani zinazosubiri ukaguzi na kuandika: "Hakuna silaha ya mlipuko. Zombi hawauliki. Imekataliwa."

Maneno saba. Mtunzi alikuwa mgeni kwenye jumuiya yetu, na hiyo ndiyo ramani yake ya kwanza kutuletea. Hakujibu kitu, wala hakuleta nyingine.

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na ushee kwenye kazi ya usimamizi wa jumuiya, na nilijiona nimeiva. Kwa asiyeifahamu kazi hii: Quake ilitoka mwaka 1996, na tangu mwaka huo watu hawajaacha kuijengea ramani. Mwaka 1999 waliouunda mchezo waliachia msimbo wake, na mwaka 2006 John Romero, mmoja wa waliouunda, akaachia faili asilia za ramani za mchezo huo chini ya leseni huria ya GPL, hivyo yeyote anaweza kuzifungua akaona zilivyojengwa. Siku hizi kuna programu za kujengea kama TrenchBroom ambazo mtu anaweza kuzielewa kwa wiki moja akiwa na bidii. Kwa hiyo foleni haikauki. Wengine huleta jumba walilolijenga kwa miezi minane, na wengine huleta chumba kilichojengwa kwa saa mbili kwenye mashindano ya mwishoni mwa wiki. Msimamizi anapakua, anacheza, anaamua kama ipokelewe, kisha anaangalia watu wanavyoijadili.

Ukaguzi wenyewe una sehemu ya kifundi ambayo haina ubishi. Je, faili inafunguka? Je, kuna maandishi yanayosema nani kajenga, katumia nini, na picha za kuta kazitoa wapi? Je, ramani inamalizika? Kidato cha ngazi kikizidi vipimo 18 vya ndani ya mchezo, mchezaji hakipandi bila kuruka, na nimeona majumba mazuri ambayo mtu anayapitia akirukaruka kama chura kwa sababu kila kidato kimezidi kwa vipimo viwili. Mambo ya namna hii unayataja, mtunzi anarekebisha, mnaendelea.

Kuna kosa moja la kifundi ambalo nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu lilinifundisha kitu nilichochelewa kukielewa. Ulimwengu wa ramani ya Quake lazima uzibwe kama mtungi. Ukiacha ufa mwembamba kati ya ukuta na dari, ramani inavuja. Kinachovuja si maji. Ni kwamba mchezo hauwezi tena kutofautisha ndani na nje. Programu inayokokotoa nini kinaonekana kutoka wapi inashindwa kufanya kazi yake, na matokeo yake kila chumba kinachorwa kwa wakati mmoja, hata vile ambavyo macho yako hayavifikii. Mtunzi mpya akiambiwa "ramani yako inavuja" huchanganyikiwa. Anakodolea macho kuta zake mia nne na haoni kitu.

Zana zenyewe zina njia ya kumsaidia. Huacha faili ndogo ya nukta, na ukiifungua ndani ya mchezo unaona mstari wa nukta hewani. Mstari unaanzia kwenye kitu fulani, labda taa, labda zimwi, unakata korido, unapinda kona, unapanda hadi darini, na ghafla unapenya. Pale unapopenya ndipo penye ufa. Nimekesha na watunzi wapya tukiufuata mstari huo, mmoja akitembea na mwingine akisoma vipimo. Usiku mmoja tuliufuata kwa muda mrefu bila kuona ufa wowote, mpaka tukagundua kwamba hakukuwa na ufa. Ogre mmoja, aina ya zimwi, alikuwa amewekwa kwa bahati mbaya nje ya ukuta, gizani, na mstari ulikuwa umeanzia kwake. Mtunzi alipomvuta ndani, kila kitu kikakaa sawa.

Ule mstari haumwambii mtunzi kwamba hajui kujenga, wala haumkatazi chochote. Unachosema ni hiki tu: nilianzia hapa, nikapita hapa, nikatokea hapa. Nilikuwa nikiwaonyesha watu mstari huo karibu kila wiki, halafu nikirudi kwenye foleni kuandika maoni yangu, naandika kama hakimu.

Maoni ndiyo sehemu iliyonitoa jasho. Ramani mbovu haimuumizi mtu, lakini sentensi moja inaweza kumfanya mtu azime kompyuta asirudi tena. Mwanzoni nilidhani kazi yangu ni kulinda amani: ukali ukitokea, futa. Kulikuwa na mkongwe mmoja kati yetu, mtu aliyejenga ramani tangu enzi za modemu, na ulimi wake ulikuwa msumeno. Mtunzi mmoja kijana alileta ramani yenye pambano la mwisho la Shambler wawili, aina nyingine ya zimwi, na mkongwe akaandika: "Chumba cha mwisho ni sanduku tupu. Shambler wawili na hakuna nguzo hata moja. Hukukicheza mwenyewe." Kijana alilalamika kwangu. Nikayafuta maoni yale yote, nikampa mkongwe onyo, nikalala nikiwa na amani.

Asubuhi yake nikaicheza ramani ile. Mkongwe alikuwa amesema kweli tupu. Shambler hurusha radi, na kinga yako ni kuwa na kitu cha kujibanza nyuma yake. Chumba kile kilikuwa kitupu kabisa, mwanga sawasawa kila upande, hakuna pa kukimbilia. Watu wengine kumi walikuwa wameandika kwamba ramani ni kali, hongera, endelea hivyo hivyo. Maoni pekee yaliyokuwa na kitu cha kumfaa kijana yule ndiyo niliyoyafuta.

Nilimrudia mkongwe nikamwomba radhi. Nikamwambia kwamba kati ya sentensi zake tatu, mbili zilikuwa zinazungumzia chumba, na moja ilikuwa inamzungumzia mtu. Nikamwomba aiandike upya ile ya tatu. Alininunia siku mbili, kisha akaandika hivi: "Nilikufa mara sita mle ndani. Kila mara nilikuwa nikitafuta mahali pa kujificha radi, na kila mara nilikuwa katikati ya sakafu." Sijawahi kusahau maneno hayo. Yalikuwa mafupi, hayakupaka mafuta, na kijana aliposoma akajenga nguzo nne usiku uleule. Baadaye walikuja kujenga ramani pamoja, wawili hao. Nakiri kwamba hilo lilinifurahisha kuliko ramani nyingi nilizozipokea.

Tangu hapo ninapoona maoni makali sianzi kwa kufuta. Natafuta sentensi inayomgusa mtu na kumwandikia aliyeiandika kwa faragha: hii iandike upya, zilizobaki zikae. Wapo wanaokataa, na hao nawaondolea sentensi hiyo moja nikieleza kwa nini. Matusi ya wazi, ya kabila, dini au jinsia ya mtu, hayo hayajadiliwi, yanaondoka pamoja na mwandishi wake. Lakini mengi yanayoonekana kama ukali ni uchovu wa mtu aliyepotea kwenye korido yako kwa nusu saa, na uchovu huo ni taarifa.

Sifa nazo zina shida yake, na hili sikulitegemea. Iliwahi kutokea ramani moja ikasifiwa na watu watano kwa saa moja, kila mmoja kwa mistari miwili, na akaunti zote tano zilifunguliwa siku ileile. Nilikuwa tayari kumfungia mtunzi. Kabla ya kufanya hivyo nikamwuliza moja kwa moja, na akakubali bila kujitetea. Alisema ramani yake iliyotangulia ilikaa wiki tatu bila mtu kusema neno, na hakuweza kuvumilia hilo mara ya pili. Akaunti za bandia nilizifunga, yeye nikamwacha. Kisha tukakubaliana wasimamizi wote kwamba hakuna ramani itakayopita kwetu bila mmoja wetu kuimaliza na kuandika angalau mambo matatu aliyokutana nayo. Kunyamaziwa kunaumiza kuliko kukosolewa. Nilikuwa nikifikiri kimya ni hali ya kawaida, kumbe kwa aliyejenga miezi sita ni jibu, tena jibu baya.

Jambo jingine lililotuletea ugomvi usio na sababu ni ugumu. Mmoja anasema ramani ni nyepesi mno, imempa usingizi. Mwingine anasema haichezeki. Wanarushiana maneno kurasa mbili. Siku moja nikawauliza wote wawili walicheza kiwango gani. Wa kwanza alicheza kiwango kigumu na ana uzoefu wa miaka ishirini. Wa pili alichagua kiwango chepesi, ndiyo kwanza ameanza. Quake ina viwango vinne vya ugumu, na mtunzi anaweza kuamua zimwi gani litokee kwenye kiwango gani. Yule mtunzi hakuwa ameweka alama hizo kabisa, kwa hiyo mazimwi yalikuwa yaleyale kwa wote. Wote wawili walikuwa wakweli. Siku hizi tunamwomba kila anayetoa maoni aanze na kiwango alichocheza. Ni mstari mmoja tu, na umepunguza magomvi kuliko onyo lolote nililowahi kutoa.

Sasa narudi kwenye zombi watatu.

Miezi minane baada ya kuikataa ramani ile, tulikuwa tukisafisha seva, tukifuta faili za zamani zilizokataliwa. Nilipoifikia hiyo nikasema niiangalie mara ya mwisho. Safari hii sikuicheza. Niliifungua ndani ya programu ya kujengea, ambako unaona kila kitu kwa mpigo kama mtu anayechungulia nyumba isiyo na paa. Na palepale nikaiona. Bunduki ya guruneti. Ilikuwa juu ya mlango wa kwanza, ule unaojifunga nyuma yako, kwenye ubao wa mawe uliotokeza ukutani, na kando yake vidato vitatu vya kuupandia. Mtunzi alikuwa ameipanga kwa makusudi: unaingia, mlango unafunga kwa kishindo, unageuka kuutazama, macho yanapanda, unaiona silaha. Ni mpango mzuri. Tatizo ni kwamba mimi mlango ulipofunga sikugeuka. Niliona maji mbele yangu nikayafuata.

Nilikuwa nimeandika "Hakuna silaha ya mlipuko." Ukweli ulikuwa "Sikuona silaha ya mlipuko." Ile ya kwanza ni habari kuhusu ramani, na ilikuwa ya uongo. Ya pili ni habari kuhusu mimi ndani ya ramani, na ndiyo pekee niliyokuwa na haki ya kuitoa. Mtunzi angeisoma hiyo ya pili, angejua mara moja mimi nilikuwa natazama wapi na yeye alitaka nitazame wapi. Alichopata badala yake ni msimamizi, mtu mwenye cheo, akimwambia kwamba kitu alichokiweka kwa mkono wake mwenyewe hakipo. Angejibu nini?

Nilimwandikia siku hiyohiyo. Sikujipa visingizio. Nilimwambia kwamba silaha ipo, kwamba niliikosa, kwamba niliikataa kazi yake kwa kosa langu, na kwamba naipokea leo kama bado anataka. Zikapita wiki tatu. Nilidhani hatajibu tena. Kisha ukaja ujumbe wa mstari mmoja, akiuliza kama nina demo ya mara ile ya kwanza.

Demo, kwa wasiozijua, ni kumbukumbu ya mchezo mzima. Quake ilikuja nazo tangu mwanzo: unaandika amri ya kurekodi, unacheza, na faili ndogo inahifadhi kila hatua, kila risasi, na kila mahali ulipogeuzia macho. Mtunzi akiifungua anaiona ramani yake kupitia macho ya mwingine. Anaona ulivyosita mlangoni, ulivyopita karibu na kitufe bila kukigundua, ulivyorudi kwenye korido ileile mara tatu. Hakuna maelezo ya maneno yanayofikia hapo, kwa sababu mchezaji mwenyewe hajui alichokikosa. Sikuwa nayo. Sikuwahi kurekodi, maana nilijiona nakuja kukagua, si kucheza.

Nikataka kuicheza upya nimrekodie, nikagundua haiwezekani. Nilishajua silaha iko wapi. Mara ya kwanza ni moja tu, na yangu niliipoteza bure. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapo ndipo nilipouelewa msemo huo kwa undani. Nilimwomba mtu aliyejiunga nasi wiki ileile, ambaye hakuwa amesikia habari za ramani hiyo, acheze huku anarekodi. Sikumwambia atafute nini.

Aliponiletea faili niliitazama kabla ya kuituma. Mlango ukafunga. Naye hakugeuka. Akaenda moja kwa moja kwenye maji, kama mimi, akaanza kuwapiga zombi kwa marisau. Alikufa mara mbili. Mara ya tatu alirudi nyuma akikimbia, mgongo ukagonga mlango, na ndipo kamera ikageuka, ikainuka. Ilitulia juu ya ule ubao kwa muda unaotosha kuvuta pumzi. Kisha akapanda vidato mbio, akaichukua bunduki, na kishindo cha guruneti la kwanza kikasikika kabla hata hajatua chini.

Nikaituma ilivyo, bila kuongeza neno langu hata moja.

Siku mbili baadaye faili mpya ilikuwa kwenye foleni. Niliilinganisha na ya zamani kitu kwa kitu, maana nilitaka kujua amebadilisha nini. Zombi walikuwa palepale, nondo palepale, bunduki palepale juu ya mlango. Bwawa lilikuwa na giza kidogo kuliko mwanzo. Na kwenye ukuta wa mlango, juu ya ule ubao, alikuwa ameongeza taa moja ya rangi ya chungwa, iliyotupa kivuli kirefu cha ule ubao kwenye sakafu, mbele kabisa ya miguu yako. Nikaanza kurekodi, nikaingia, mlango ukafunga. Nikaona kivuli, nikageuka.